Ngazi Sita za Bwana Gopal

Ngazi zilikuwa sita. Si sitini, si mia. Sita tu, za mawe ya kuchongwa, zilizoanzia vumbini na kuishia kwenye veranda ya duka la vitambaa la Bwana Gopal, katikati ya mji wa Nakuru. Mtu mwenye miguu yake miwili alizipanda huku akipiga domo na mwenzake, na akifika juu hakumbuki kama alipanda kitu. Chelangat alizikumbuka kila siku ya Mungu. Alijua kwamba ya tatu ina ufa na ya tano imelika ukingoni. Aliyajua hayo kwa viganja vyake, maana alikuwa amezipanda mara moja kwa kutambaa, na mara hiyo moja ilimtosha.

Alikuwa mtu wa Keringet, kule juu kwenye baridi na mashamba ya pareto. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya siku tatu, na homa ilipokwenda ilikwenda na miguu yake. Nyumbani hawakumtupa, tusiwasingizie watu. Walimpenda. Walimweka karibu na moto, wakamfunika blanketi, wakamwambia awe anatazama ndama. Kila mgeni aliyeingia alitingisha kichwa na kusema hujafa hujaumbika, kisha akanywa maziwa yake ya mursik akaenda zake. Huruma ya namna hiyo ilimchosha kuliko matusi. Akawasumbua wazazi wake mpaka wakampeleka kwa masista waliokuwa wakifundisha kazi za mikono, na huko akajifunza cherehani, ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka wa 1971, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alipanda lori la pareto na cherehani yake mapajani, akashuka Nakuru.

Alipanga chumba kimoja mtaa wa Bondeni. Fundi mmoja wa magari karibu na stesheni ya reli alimtengenezea kigari cha mbao chenye beringi nne za chuma chini badala ya magurudumu, na mikononi alishika vibao viwili vilivyopigiliwa mpira wa tairi. Alijisukuma kwa vibao hivyo, cherehani ikiwa imefungwa mbele yake kwa kamba. Beringi zile zilipiga kelele juu ya lami hata mbwa waliamka. Asubuhi zikisikika, watu wa Bondeni walijua saa moja na nusu imefika. Walimwita Chelangat wa Beringi, naye hakuona ubaya. Aliyemwita kiwete ndiye aliyepata jibu lake.

Sasa, kama unamjua fundi wa nguo wa siku zile, unajua mahali pake ni wapi. Ni kwenye veranda ya duka la vitambaa. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho mkononi, na hatua tatu tu anamkuta fundi, anapimwa, anaambiwa aje Jumamosi. Fundi wa veranda ni fundi. Fundi wa chini ni mshona viraka. Kwa miaka miwili Chelangat alikaa chini, juu ya gunia kando ya ngazi za Gopal, akishona viraka, akirudishia vifungo, akipunguza suruali za Mzee Kiptanui. Kiptanui alikuwa mtu wa reli, na reli ilikuwa imemkata mguu wa kulia. Alitembea kwa magongo, na kila suruali aliyopata ilibidi mguu mmoja ukunjwe na kushonwa juu. Kazi hiyo Chelangat aliifanya vizuri hata Kiptanui akasema ni aibu kuificha ndani ya koti.

Lakini viraka havimtoshi mtu aliyejifunza kukata koti. Na kulikuwa na jambo jingine: Januari. Januari ndipo shule hufunguliwa na kila mzazi anataka yunifomu, na Januari hiyo hiyo ndipo upepo huvuma kutoka ziwani na kuleta vumbi jeupe la magadi. Vumbi lile lilimfunika Chelangat nyusi na kope. Mama mmoja aitwaye Wamaitha alisimama mbele yake na poplini nyeupe ya mashati manne, akamwambia kwa upole kwamba mkono wake anaujua, mkono hauna shida, ila hawezi kuacha kitambaa kipya kwenye vumbi hili. Akapanda ngazi akampa Nicodemus.

Nicodemus alikuwa fundi wa veranda, mtu mnene wa kujipenda, mwenye cherehani ya miguu na futi shingoni hata Jumapili. Zamani walikuwa mafundi wawili pale juu, lakini mwaka wa 1973 ulipokwisha yule wa pili alirudi kwao, na nafasi yake ikabaki wazi, kiti na kivuli vikimngoja mtu. Chelangat aliitazama nafasi ile kutoka chini siku nzima. Ilikuwa pale, urefu wa ngazi sita.

Akamwomba Bwana Gopal nafasi ile. Hakuwa mtu mbaya, Gopal. Alikuwa mwembamba, mwenye kalamu sikioni, na alizungumza polepole. Alishuka ngazi mbili akasimama.

"Mama, mimi nasikia huruma," alisema. "Lakini hizi ngazi si mimi nilijenga. Baba yangu alijenga. Nani atakubeba kila siku? Na mteja akifika juu, akuone umekaa chini hapo mlangoni, atafikiri ni mtu wa kuomba. Atageuka aende zake."

Kisha, ili kumaliza maneno, akatia mkono mfukoni akamtupia sarafu ya sumuni.

Hapo ndipo alipokosea. Siku ile Chelangat alipotambaa ngazi zile, mwaka wa kwanza alipokuja mjini, alikuwa amekwenda kununua uzi. Alifika juu viganja vinatoka damu, akaketi mlangoni ajipanguse vumbi, na mteja mmoja aliyekuwa akitoka akamwangushia senti mapajani bila hata kumtazama. Duka zima likacheka. Uzi hakununua. Alishuka kama alivyopanda, na akaapa kwamba ngazi zile hatazitambaa tena, na hatabebwa na mtu kuzipanda. Ataingia duka lile kama anavyoingia mtu yeyote, au hataingia.

Basi aliokota ile sumuni, akaiweka kwenye ngazi ya kwanza, akaisukuma kwa ncha ya kidole kuelekea alikosimama Gopal. Alikunja gunia lake akaenda nyumbani mapema, na usiku huo hakula kwa hasira.

Wazo alilipata kwa Nicodemus, na Nicodemus hakujua kama ametoa kitu. Alikuwa na mdomo usiofungwa. Siku moja aliinama juu ya ukingo wa veranda akawa anamsimulia mambo ya Gopal na imani zake. Alisema Wahindi wa dukani wana kitu wanakiita bohni, yaani mauzo ya kwanza ya asubuhi. Mteja wa kwanza wa siku harudishwi mikono mitupu. Hata akitaka kitu kidogo namna gani, hata akibishana bei mpaka mwenye duka apate hasara, lazima auziwe, na kabla hajauziwa yeye hauziwi mwingine. Akirudi bila kununua, siku nzima imeharibika. Na mwenye kulinda sheria hiyo si Gopal, alisema Nicodemus, ni mama yake, Mama Kanchan, yule bibi anayekaa kwenye kiti ndani ya mlango na tasbihi yake. Gopal anamwogopa kuliko watu wa kodi.

Chelangat alimaliza kifungo alichokuwa akishona, akakata uzi kwa meno. "Ahsante, fundi," alimwambia. Nicodemus akadhani anashukuriwa kwa mazungumzo.

Kesho yake, saa mbili na robo, beringi zilisikika barabarani. Omolo, mtu wa stoo, alipofungua milango mikubwa ya mbao, alimkuta Chelangat chini ya ngazi, amevaa gauni la bluu na kitambaa safi kichwani. Nyuma yake wateja wengine wanne. Yeye ndiye aliyetangulia kufungua kinywa.

"Habari ya asubuhi. Nataka kununua uzi mweupe."

Gopal alimwambia Omolo ampelekee. Chelangat akasema hapana, uzi anataka kuuona, kuna weupe na weupe, na mwenye kujua ni mwenye duka. Wateja wale wanne walikuwa wameshapanda, wamefika kaunta. Gopal akanyoosha mkono kupima kaki ya mmoja wao. Ndani ya mlango ile tasbihi ikanyamaza. Mama Kanchan alisema maneno matatu kwa Kigujarati, tena kwa sauti ndogo, na Gopal akaweka chini futi yake. Alishuka ngazi sita na kiboksi cha nyuzi. Chelangat alichagua taratibu, akainua kila reli ya uzi kwenye jua, akanunua moja, akalipa, akamtakia kazi njema.

Siku ya pili alitaka vifungo. Siku ya tatu alitaka kitambaa cha bitana. Si kile, kile kingine. Hicho ni kizito. Hicho rangi yake si hiyo. Gopal alipanda akashuka, akapanda akashuka, na Januari ile joto lilikuwa la kuchoma. Foleni ya wazazi ilijaa veranda nzima, na wazazi hawakumlaumu Chelangat, walimlaumu mwenye duka. Kila siku alinunua kitu, na kila kitu alikihitaji kwa kazi yake, asije mtu akasema anafanya mchezo. Kila siku, akimaliza kulipa, alimwuliza swali lile lile, kwa adabu, bila kupandisha sauti: ile nafasi ya veranda, bado iko wazi? Na Gopal, jasho likimtiririka, alijibu kwamba iko wazi lakini ngazi ni ngazi.

Mzee Kiptanui alimsihi aache. Alisema mlima haubishani na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka minane hajaingia duka lile, alikuwa akimpa mpita njia yeyote pesa amnunulie kitambaa, na wengine walimletea rangi ya ajabu, na wengine hawakurudi.

"Mimi nimezoea," alisema.

"Umezoea kuibiwa," Chelangat alimjibu. "Mimi sijazoea, wala sitaki kufundishwa."

Kiptanui alinuna siku mbili, halafu akarudi.

Gopal naye hakulala. Aliona dawa ya kumkomesha, akaenda nayo mbio. Siku ya tisa, kabla Omolo hajafungua milango, alimwingiza Nicodemus kwa mlango wa nyuma akamwuzia sindano. Bohni imepatikana. Milango ilipofunguliwa na Chelangat akasema shida yake, Gopal alitabasamu akamwambia pole mama, leo umechelewa, panga foleni. Nicodemus alisimama pembeni ameshika sindano yake juu kama ushahidi wa mahakamani.

Mama Kanchan akauliza nani huyo aliyenunua. Akaambiwa ni fundi. Bibi yule alicheka mpaka akakohoa. Fundi wa veranda, alisema, anakunywa chai ya nyumba hii na anakojoa kwenye choo cha nyumba hii. Tangu lini mtu wa nyumbani akawa mteja? Mungu si mjinga. Gopal alishuka ngazi, na siku hiyo Chelangat alitaka kuona poplini aina zote zilizokuwa dukani. Zilikuwa kumi na moja.

Alhamisi ya wiki ile mzigo ulifika. Mkokoteni ulitoka stesheni na marobota matatu ya vitambaa vya tetroni na kaki, makubwa, yamekazwa kwa mikanda ya chuma. Omolo alifanya kama alivyofanya kila mwezi. Alitoa mbao mbili ndefu stoo, akazilaza juu ya ngazi, akazifunga zisiteleze. Alizungusha kamba ya katani kwenye nguzo ya veranda, akalifunga robota, akavuta. Robota likapanda polepole, likafika juu bila kuchanika uzi mmoja.

Chelangat alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi kwa miaka miwili. Mtu huona kitu kila mwezi na asikione. Siku ile alikiona. Aliweka chini kazi yake.

"Bwana Gopal," aliita. Gopal alikuwa amesimama juu akihesabu marobota. "Robota halina mguu hata mmoja. Wala hujaliuliza nani atalibeba. Umelitandikia njia."

Watu kwenye veranda waligeuka. Chelangat hakungoja jibu. Robota la tatu lilipofika juu, alisukuma kigari chake mpaka chini ya zile mbao, akamwomba Omolo amtupie ncha ya kamba. Omolo alimtazama bosi wake, akamtazama Chelangat, akasema atamvuta. Akaambiwa hapana, asimvute. Afunge kamba kwenye nguzo aiache.

Omolo alifunga. Gopal akasema mbao zitavunjika. Robota moja lilikuwa na uzito wa Chelangat watatu, na Mzee Kiptanui alimwambia hivyo kwa sauti ya kusikika barabara nzima. Chelangat aliweka vibao vyake mapajani, akaikamata kamba kwa mikono yote miwili. Mikono ile ilikuwa imefanya kazi ya miguu kwa miaka ishirini na miwili. Akajivuta. Mkono mmoja, mkono wa pili. Beringi zililia juu ya mbao. Katikati kigari kilitaka kwenda upande, akakirudisha kwa kiuno. Hakuna aliyecheka. Alipofika juu alipumua, akajisukuma kupita mbele ya Nicodemus, akaingia kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi, akafungua cherehani yake.

Ulikuwa mchana wa furaha, usiombe mwingine. Upepo wa magadi ulipita chini, veranda ikabaki safi. Wamaitha, ambaye mashati yake kwa Nicodemus yalikuwa hayajaguswa, aliyachukua akampa Chelangat, na Nicodemus akatafuna kucha. Kufika jioni mashati mawili yalikuwa yamekamilika na watu watatu wamepimwa.

Saa kumi na moja na nusu, wakati wa kufunga, Gopal alitoka nje. Mama Kanchan alikuwa nyuma yake mlangoni, ameshika ubao wa mlango. Walikuwa wamezungumza ndani kwa muda mrefu, sauti ya bibi ikisikika zaidi. Gopal alisema mama yake ameangalia. Tangu Chelangat aanze kufungua mauzo ya asubuhi, biashara haijawahi kuwa nzuri hivi. Hakuna Januari kama hii. Mama anasema ana mkono wa heri, na kwa kuwa kila asubuhi atatoka nje na pesa yake, yeye ni mteja, si kama Nicodemus. Kwa hiyo nafasi ni yake. Asilipe kodi. Asubuhi Omolo ataweka mbao apande, jioni ataweka ashuke, na katikati zirudi stoo zisizuie watu. Kazi yake moja tu: kila siku awe mteja wa kwanza.

Hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Nafasi, kivuli, hata kodi ya bure. Mtu mwingine angelia kwa shukrani, na Nicodemus alikuwa tayari anasogeza kiti chake kumpisha. Chelangat alitazama cherehani yake. Alitamani kusema ndiyo. Lakini aliliona lile blanketi la Keringet tena, lile la kukaa karibu na moto akitazama ndama. Safari hii lilikuwa blanketi zuri zaidi, ndiyo tofauti pekee.

"Juzi nilikuwa mkosi wa kufukuza wateja," alisema. "Leo nimekuwa hirizi. Mimi ni fundi, Bwana Gopal. Kodi nitalipa kama Nicodemus anavyolipa. Na njia iwe ya saruji, ikae hapo usiku na mchana. Mbao za kutolewa na kurudishwa ni za marobota. Saa sita Mzee Kiptanui akitaka kuchagua kitambaa chake, apandie wapi?"

Gopal alikasirika sasa. Akasema amempa mkono, naye anataka bega. Njia ya saruji itakula mbele ya duka. Achukue alichopewa au ashuke.

"Nitashuka," Chelangat akasema. Akafunga cherehani yake, akaikamata kamba, akajiteremsha kwa mikono yake mwenyewe. Chini, Kiptanui alimwita mwendawazimu. Alijisukuma mpaka Bondeni bila kumjibu, na njiani machozi yalimtoka kwa sababu hakuwa na uhakika kama Kiptanui amekosea.

Kesho yake beringi hazikusimama kwa Gopal. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Harbans, kalasinga muuza vitambaa. Hakuwa na veranda ya fundi, lakini alikuwa na ngazi moja tu, fupi. Chelangat alihitaji vifungo vya mashati ya Wamaitha, akaenda kuvinunua huko. Alifika kabla ya wengine kwa sababu hiyo ndiyo saa aliyoizoea. Hakukusudia zaidi ya vifungo. Lakini Mama Kanchan, kutoka kwenye kiti chake, aliona kila kitu. Na asubuhi hiyo hiyo, kwa Gopal, mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja mbishi aliyegusa vitambaa saba, akasema bei ni wizi, akaondoka. Mimi sisemi kitu. Kila mtu na imani yake. Nasema tu kwamba sauti ya bibi ilisikika mpaka kwa Harbans.

Siku ya tatu ya mambo hayo, Gopal alivuka barabara. Alimkuta Chelangat kwenye gunia lake jipya, ukutani kwa Harbans, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Alichuchumaa, yeye na suruali yake iliyopigwa pasi, mpaka macho yao yakalingana. Magoti yake yalionekana kumwuma. Kisha akasema kwamba tangu Alhamisi kila akitazama robota anasikia neno lake, na kwamba kodi ya ile nafasi ataipokea kama ya Nicodemus.

"Njia yenyewe," aliuliza, "iwe namna gani?"

Chelangat alichukua futi yake na chaki ya kushonea. Walivuka pamoja. Mbele ya ngazi sita alianza kupima, kama mtu anayepima suruali: kimo kutoka chini mpaka veranda, halafu urefu wa kutoka nje. Mbao za Omolo zilikuwa na mwinuko mkali, alieleza, hizo ni za kuvutwa kwa kamba. Mtu apande kwa mikono yake bila kamba, na mwenye gongo asiteleze mvua ikinyesha. Alijisukuma kando ya ukuta akichora mstari, akaendelea, akaendelea, akapita dirisha la kwanza, mpaka Gopal akashika kichwa. Nusu ya mbele ya duka, Gopal alisema. Ndiyo, Chelangat akasema, nusu. Nusu ngazi na nusu njia. Akachora alama ya mwisho akampa ile chaki.

Mwashi alikuja Jumatano. Saruji ilimwagwa, ikakwaruzwa kwa ufagio ingali mbichi ili isiteleze, ikafunikwa magunia yaliyolowa maji. Kwa siku saba Omolo alimwagilia magunia yale asubuhi na jioni. Nicodemus alilalamika kwa kila mteja kwamba duka limeharibiwa sura. Chelangat aliendelea kushona chini, kwa Harbans, na hakukaribia.

Siku ya nane magunia yaliondolewa. Mama Kanchan aliagiza mtu yeyote asiuziwe mpaka Chelangat afike afungue mauzo. Saa mbili na nusu milango ilifunguliwa na beringi hazikusikika. Saa tatu kasoro robo, kimya. Watu walikuwa wamejaa mpaka chini, wengine wanaanza kupiga kelele, na Gopal akamtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Mwishowe bibi alipunga mkono kwa hasira, na mtu wa mbele akauziwa kaki yake.

Chelangat alikuja saa tatu na nusu. Alikuwa amekaa Bondeni kwa makusudi, amekunywa chai vikombe viwili, akisikiliza saa ikienda. Alikuja na Mzee Kiptanui, ambaye alikuwa amevaa koti la Krismasi. Walipanda ile njia ya saruji, yeye mbele kwa vibao vyake, Kiptanui nyuma na magongo yake, wakasimama juu kupumua, kisha wakapita mlangoni, mbele ya Mama Kanchan, wakaingia. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi na harufu ya vitambaa vipya. Chelangat alitazama rafu zilizopanda mpaka darini. Miaka mitatu katika mji huu, na hakujua kama duka lile lina rafu za bluu.

Alifika mwisho wa foleni, nyuma ya mwanamke mwenye kikapu.

"Uzi mweupe," aliita.

Gopal alikuwa akipima kitambaa cha gabadini. Hakuinua hata kichwa.

"Ngoja, mama," alisema. "Kuna watu mbele yako."

Chelangat akangoja.